Barua ya wazi kwa wakubwa wa ulinzi: mnunuzi wa jeshi akae kwenye kiti mpaka buti lichakae

Kwa Waziri wa Ulinzi na JKT, Katibu Mkuu, Mkuu wa Majeshi, na wakubwa wa PPRA (mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma) na PSPTB (bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi), yaani wote mnaowapanga, kuwafundisha na kuwahamisha watu wanaolinunulia jeshi letu vitu.

Shikamooni wakubwa. Tulio rika moja, habari za kazi.

Mimi ni raia tu wa Dar, nauza viatu vya kazi na sare, duka Kariakoo, stoo Buguruni. Ugavi nilisomea kabla sijaingia kwenye biashara na mpaka leo nafuatilia mambo ya ununuzi wa umma maana ndo yanayonilisha. Kabla afande yeyote hajakunja uso, siandiki kuhusu silaha wala siri ya mtu. Sheria ya ununuzi ya 2011 ilishatambua kwamba vyombo vya ulinzi vina orodha mbili, ya vitu vya wazi na ya vitu vya siri, ya siri bakini nayo, mimi nazungumzia ya wazi, kule kwenye buti, mahema, matairi, magodoro, mchele na dawa. Na hata huko sizungumzii bei, nazungumzia watu.

Ombi langu ni moja, nalitaja mapema msihangaike kulitafuta. Mtu mnayemfundisha ununuzi, awe na gwanda au awe raia, mwacheni kwenye kiti muda wa kutosha aone alichonunua kikipokelewa, kikitumika, kikiharibika na kikitupwa. Mkimhamisha kabla ya hapo hajajifunza kitu, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta mzima.

Nitaeleza kwa buti, ndo kitu ninachokijua. Buti za askari ukiziweka mezani zote zinafanana, nyeusi, zina kamba, zinang'aa. Tofauti iko chini. Kuna soli ya raba iliyoshonwa, kuna ya raba iliyobandikwa kwa gundi, kuna ya PVC, na kuna ya PU (polyurethane, aina ya plastiki), ile nyepesi na laini ambayo kila mtu akiijaribu dukani anaipenda palepale. Sasa PU ina ugonjwa wake, haipatani na unyevu. Iweke kwenye boksi, kwenye stoo ya pwani, iache miaka kadhaa bila kuvaliwa, unyevu unaila taratibu na kwa nje huoni chochote, siku askari anaivaa kwa mara ya kwanza anatembea hatua chache soli inameguka vipande anaviacha njiani. Buti jipya kabisa hilo, halijawahi kuona jua. Fundi viatu yeyote wa Kariakoo anaijua habari hii, wala haihitaji digrii.

Kuna taasisi moja ya watu wa sare, siitaji, na wala msikimbilie kudhani ni ile mnayoifikiria, ilitangaza tenda ya buti. Karatasi ya maelezo ilikuwa na mistari michache tu, buti nyeusi za ngozi, zifike juu ya kifundo, saizi hizi, idadi hii, basi. Haikusema soli ya nini, imeshonwa au imebandikwa, ngozi iwe na unene gani, haikudai tarehe ya kutengenezwa kwenye boksi, haikutaja kipimo cha maabara ya TBS, shirika letu la viwango, wala haikusema patakuwa na sampuli iliyosainiwa na pande zote mbili ikafungiwa kabatini ya kulinganishia siku ya mapokezi. Nikampigia afisa mhusika, kijana mpole kabisa, nikamuuliza habari ya soli, akanijibu "kaka wewe leta bei tu". Nikapeleka bei ya raba ya kushona, nikashindwa, akapata mwenzangu aliyeleta PU kwa bei ya chini, na ukifuata ile karatasi mwenzangu hakukosea kitu, kaombwa buti nyeusi za ngozi kaleta buti nyeusi za ngozi. Zikanunuliwa nyingi kwa mkupuo maana mwaka wa fedha ulikuwa unaisha na hela isiyotumika inarudi hazina, sehemu kubwa ikalala stoo, zilipokuja kugawiwa baadaye mnajua wenyewe kilichotokea.

Na yule kijana mpole? Alishahamishwa zamani, yuko idara nyingine kabisa haina hata uhusiano na ununuzi, hana habari mpaka leo kwamba buti zake zilimegukia miguuni mwa watu. Aliyerithi kiti akatangaza tenda mpya kwa karatasi ileile, mstari kwa mstari, kwa sababu ndo aliyoikuta kwenye kompyuta.

Hapo naomba mtulie kidogo. Kwenye mkasa huo hakuna aliyekula hela. Hakuna teni pasenti, hakuna bahasha, TAKUKURU wakija hawapati mtu wa kumfunga, na mkaguzi akipitia faili atakuta kila saini iko mahali pake. Hela imepotea kihalali. Sisi Watanzania tukisikia ununuzi mbovu tunakimbilia kutafuta mwizi, na wezi wapo kweli sikatai, ila hasara nyingine inaletwa na mtu mwaminifu, msomi, mwenye usajili wa bodi, ambaye hakuachwa akae aone mwisho wa kazi yake.

Najua jeshini uhamisho ni sehemu ya maisha. Afisa anatakiwa ajue kikosi, ajue makao makuu, aende kozi, aende misheni, akikaa sehemu moja muda mrefu hapandi vizuri, na mfumo umejengwa hivyo kwa sababu nzuri, mnataka makamanda na sio makarani. Sibishani na hilo. Kuna na sababu ya pili ambayo wakubwa wengi wanaisema kwa sauti ya chini: mtu wa manunuzi akikaa sana anazoeana na wazabuni, wanaanza kuitana shemeji, kwa hiyo bora kumzungusha. Hii ndo hoja ngumu kuliko zote kwa upande wangu, siwezi kuiruka.

Ila angalieni kilichowapata Wamarekani na yule jamaa wa Malaysia, Leonard Francis, aliyekuwa anajulikana kwa jina la Fat Leonard. Kampuni yake ilikuwa inahudumia meli za kivita za Marekani zikitia nanga bandari za Asia, maji, mafuta, taka, ulinzi, vibarua. Maafisa wa jeshi la maji walikuwa wanahamishwa kama kawaida ya wanajeshi, leo huyu kesho yule. Je, kuhamishwa kuliwazuia kununuliwa? Aliwanunua hivyohivyo kwa hoteli, chakula na wanawake, na mwaka 2015 akakiri mahakamani rushwa na ulaghai, ikiwemo kulizidishia jeshi hilo bili kwa dola milioni 35. Akatoroka kifungo cha nyumbani mwaka 2022 akakamatwa Venezuela, mwaka 2024 akahukumiwa miaka 15. Mimi kama mzabuni ninachokiona pale ni kwamba maafisa walikuwa wanabadilika na yeye anabaki. Afisa mgeni akifika, anayejua bei ya jana, bandari ipi ina utaratibu gani, bili ya mwaka juzi ilikuwaje, ni muuzaji. Mnapozungusha wanunuzi bila kuacha kumbukumbu wala mtu anayebaki, hamjaondoa mazoea na mzabuni, mmemkabidhi mzabuni ofisi. Nawaambia kama mzabuni, na mzabuni mwenzangu yeyote akiwa mkweli atakiri, hakuna raha kama afisa mpya anayekuuliza wewe "kwani huwa tunafanyaje?"

Upande wa pili upo pia, nisiwafiche. Darleen Druyun alikuwa mkubwa wa ununuzi kwenye jeshi la anga la Marekani, alikaa kwenye kiti miaka mingi, alikuwa anajua kila kitu, na huku anasimamia dili la ndege za kujazia mafuta angani akawa anajipangia kazi Boeing. Mwaka 2004 akahukumiwa kifungo cha miezi tisa. Kwa hiyo kukaa peke yake sio dawa. Dawa ni kwamba anayeandika speki (maelezo ya kitu kinachotakiwa) sio anayetathmini, anayetathmini sio anayepokea mzigo, na akiondoka kuna muda wa lazima kabla hajaajiriwa na aliokuwa anawapa tenda. Nusu ya hayo tunayo kwenye sheria tayari, idara tumizi (inayohitaji kitu) ina kazi yake, kitengo cha ununuzi kina yake, bodi ya zabuni ina yake, afisa masuuli (mkuu wa taasisi anayewajibika kwa hela) ana yake, na hakuna anayeruhusiwa kuingilia mwenzake. Tukiwa na ukuta huo, mtu kukaa miaka minne hakutishi kivile.

Kwa nini nasema minne? Sikuokota. Miaka ya 1980 Marekani walipata aibu ya nyundo ya dola 435 na kiti cha choo cha dola 640, magazeti yakacheka mpaka basi. (Ile nyundo yenyewe kwa haki kabisa bei ile ilitokana na gharama za jumla za mkataba kugawanywa sawasawa kwa kila kitu, kiwe kikubwa au kidogo, sio kwamba kuna mtu aliuza nyundo kwa hela hiyo. Ila mnunuzi anayejua hesabu za gharama angeiona kwenye karatasi kabla haijafika gazetini.) Mwaka 1986 tume ya David Packard ikatoa ripoti kwamba pamoja na mengine shida ni watu, hawajaandaliwa vizuri na hawana njia ya kupanda ndani ya kazi hiyo. Mwaka 1990 Bunge lao likatunga sheria maalumu ya wafanyakazi wa ununuzi wa ulinzi. Ikasema nafasi hizi na hizi ni za ununuzi, kila moja ina elimu yake, uzoefu wake na mafunzo yake, na mwenye nafasi nyeti akae angalau miaka mitatu. Kwa wasimamizi wa miradi mikubwa muda ulipangwa kuzunguka miaka minne, na kuondoka kwao kukafungwa kwenye hatua ya mradi wenyewe, sio kwenye kalenda ya uhamisho. Wakaanzisha na chuo kabisa cha kazi hiyo.

Hicho kipengele cha hatua ya mradi ndo ninachokipenda kuliko vyote. Mtu haondoki kwa sababu Juni imefika, anaondoka kwa sababu mahema yamefika.

Lakini hata wao walijisahau. Miaka ya 1990 Vita Baridi imeisha wakapunguza sana watu wa ununuzi, wakaona makarani wa nini. Ikaja Iraki, mikataba ikafurika, wa kuisimamia hakuna, kesi za rushwa Kuwait zikaibuka, ikaundwa tume nyingine chini ya Jacques Gansler mwaka 2007. Tume ikakuta kwamba mwaka 1990 jeshi lao la nchi kavu lilikuwa na nafasi tano za majenerali waliokulia kwenye mikataba, 2007 haijabaki hata moja. Wakubwa, hiyo isomeni mara mbili. Kijana mwenye akili akiangalia juu haoni nyota hata moja iliyotokea kwenye kazi yake, atakaa afanye nini? Ataomba uhamisho mwenyewe hata kabla hamjamhamisha. Ndo maana nasema muda wa kukaa lazima uende na ngazi ya kupandia, la sivyo mtakuwa mnawafungia watu kwenye kona.

Narudi kwetu. Rada ya kuongozea ndege ambayo serikali yetu iliinunua Uingereza mnaikumbuka, haijasahaulika na hata watoto waliozaliwa baadaye wanaijua kwa madawati. Paundi milioni 28 kwa BAE Systems, Benki ya Dunia ilipinga, Clare Short aliyekuwa waziri wa misaada wa Uingereza alipinga, bado leseni ya kutuuzia ikatoka mwishoni mwa 2001. Mwaka 2010 kampuni ikakiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu kuhusu dili lile, ikapigwa faini ya paundi laki tano na ikakubali kutulipa paundi milioni 29.5, hela iliyokuja kununua vitabu na madawati, tukaiita chenji ya rada. Sasa sitaki kudanganya kwamba afisa ugavi mmoja aliyefundishwa vizuri angeizuia rada, lile lilikuwa juu ya vichwa vya maafisa ugavi, wakubwa wakishaamua kijana wa kitengo anafanya nini. Anafanya kimoja tu, anaandika. Anaweka kwenye faili karatasi yenye bei za rada za aina hiyo kwingine, mahitaji halisi ya anga yetu, na jina lake chini. Mtu atakayekuwa hapo kwa muda na anayelindwa na ngazi yake anaweza kuthubutu kuandika karatasi hiyo. Aliyepita njia hathubutu, na hata akithubutu hana pa kuitoa hiyo bei ya kulinganisha kwa sababu amefika jana.

Na tusidhani wazungu wanajua sana. Waingereza haohao waliagiza helikopta nane za Chinook mwaka 1995 kwa ajili ya vikosi vyao maalumu, zikafika 2001, na hazikuweza kuruka ila hewa ikiwa safi bila mawingu na zikiwa juu ya futi 500. Helikopta zilikuwa nzima. Shida ilikuwa mkataba, haukudai muuzaji atoe nyaraka na msimbo wa programu za kompyuta ili wazithibitishe wenyewe kwamba ni salama kwa viwango vyao. Paundi milioni 259 zikakaa kwenye hanga miaka kwa sababu ya kipengele ambacho mtu hakukiandika. Majirani zetu Uganda nao mwishoni mwa miaka ya 1990 waliingia mkataba wa helikopta nne za Mi-24, zilizofika zikaonekana hazifai kuruka, mpaka ikaundwa tume ya Jaji Julia Sebutinde. Buti au helikopta, ugonjwa ni uleule, swali halikuulizwa kabla ya kusaini na siku ya kupokea hakuna aliyekuwa anajua aulize nini.

Sasa mafunzo. Hapa nitasema kwa kirefu kidogo maana naona ndo hela inapopotea.

Semina za siku tatu Morogoro mimi nazifahamu, tulizihudhuria. Siku ya kwanza usajili na begi, mgeni rasmi anachelewa, siku ya pili pawapointi ya sheria kifungu kwa kifungu, mchana wali kuku, siku ya tatu asubuhi maswali mawili halafu cheti, picha ya pamoja, posho, magari. Mtu anarudi ofisini anajua kifungu kinasema bodi ya zabuni ina wajumbe wangapi na hajui soli ya PU. Sio kwamba sheria haina maana, Sheria mpya ya 2023 na kanuni zake za 2024 lazima mtu azijue, na NeST, mfumo wa serikali wa tenda za mtandaoni uliochukua nafasi ya TANePS, lazima mtu auweze maana bila huo hata tenda haitangaziki. Ila mfumo wa kompyuta unapokea ulichoandika. Ukiandika buti nyeusi za ngozi, NeST itatangaza buti nyeusi za ngozi, tena kwa haraka na kwa uwazi mkubwa.

Bodi ya PSPTB imefanya kazi ya maana toka sheria yake ya 2007, leo huwezi kukaa kiti cha ununuzi serikalini bila usajili, na mitihani yao sio lelemama, waulizeni vijana wa vyuo vya TIA na CBE. Ila ule mtihani ni wa ununuzi kwa ujumla, unamfaa wa halmashauri, wa hospitali na wa bandari. Mnunuzi wa jeshi anahitaji na kingine juu yake. Anahitaji apelekwe stoo kabla hajapelekwa hotelini. Akae na mtunza stoo, afungue maboksi ya miaka mitano iliyopita, akunje soli kwa mkono, ashike turubai la hema aone uzi ulipooza kwa jua, asome tarehe kwenye dawa. Halafu apelekwe kikosini, aulize koplo aliyevaa buti lile porini anasemaje, maana koplo ndo mteja, sio mkurugenzi. Akishatoka hapo ndo mpeni karatasi aandike speki, muone kama ataandika mistari michache tena.

Wamarekani wenyewe walikuja kulitambua hilo, mwaka 2022 walibadilisha mtindo, wakapunguza kozi za lazima ambazo mtu alikuwa anazimaliza zote mapema anakuja kuzihitaji ameshazisahau, wakaweka mafunzo mafupi ya wakati ule mtu anapofika kwenye kazi yenyewe. Unaenda kujadiliana bei wiki ijayo, unasoma kujadiliana bei wiki hii. Na bado wanadai mtu aendelee kujinoa, saa 80 kila miaka miwili. Kwetu hilo halihitaji hata bajeti mpya, ile ya semina ikigawanywa upya inatosha kabisa.

Kingine, mafaili. Kila ununuzi mkubwa wa orodha ya wazi ukiisha, andikeni kurasa mbili tatu, tulitaka nini, tulipata nini, kilidumu muda gani, mzabuni alitusumbua wapi. Ndo viwe vitabu vya kufundishia. Chuo cha Taifa cha Ulinzi pale Kunduchi toka 2012 kinawakutanisha maafisa wakubwa wa vyombo vya ulinzi na watumishi wa serikali darasa moja, hakuna sehemu nzuri kama ile ya kuliweka faili la rada mezani na kuwaambia haya, wewe ndo ungekuwa kwenye kiti, ungeandika nini. Mkubwa akishapitia zoezi hilo, kesho kijana wake akimletea karatasi ya "hapana" hatamfokea haraka.

Na mafunzo yasiishie kwenye kununua. Sisi wakazi wa Dar hatuhitaji kuelezwa maana ya ghala. Aprili 29, 2009 Mbagala, Februari 16, 2011 Gongo la Mboto, maghala ya mabomu ya jeshi yalilipuka, tulizika watu. Sisemi chanzo kilikuwa ununuzi, hilo sio la kwangu. Nasema kitu cha jeshi kina umri, na anayekinunua anatakiwa siku ileile anaponunua awe ameshaandika kitakaa wapi, kitakaguliwa lini, kitateketezwa lini na kwa hela ya nani. Mnunuzi ambaye hatakuwepo tarehe hiyo ikifika hana sababu ya kujisumbua kuiandika.

Habari ya raia na wanajeshi, nasikia mabishano nani afae zaidi. Wekeni wote wawili meza moja. Raia anabaki, hahamishwi hovyo, anashika kumbukumbu, mwanajeshi anakuja na vumbi la kikosini, anajua hema linavyofungwa usiku wa mvua. Mmoja akiondoka mwingine yupo, na wasiondoke mwaka mmoja. Makabidhiano yasiwe ya funguo na muhuri tu, yawe ya kukaa pamoja angalau mzunguko mmoja wa tenda. Mshahara nao uangaliwe, sitalizungumza sana maana kila barua Tanzania inaishia kwenye mshahara, ila mtu anayesaini mikataba ya mabilioni akiwa anakopa nauli ya daladala mnamweka majaribuni kila siku ya Mungu.

Nategemea mtasema huyu muuza viatu ana maslahi, anataka speki kali ili wenye PU wakose. Ndio, ninayo, nauza raba ya kushona. Pimeni hoja zangu huku mkilijua hilo. Ila pia nauza PU, kwa walinzi wa makampuni wanaozivaa kila siku zinaisha kabla hazijaoza, na kwao ni buti nzuri tu. Tatizo langu ni mnunuzi asiyejua anamnunulia nani na zitakaa wapi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kabla ya hapo kila taasisi inaandaa mpango wake wa ununuzi. Kwenye mpango huo, mbele ya kila kitu kikubwa cha orodha ya wazi, ongezeni safu moja tu, kiti kinachohusika na hatua ambayo mwenye kiti hatahamishwa kabla haijafika. Anzeni hata na vitu vitatu, mahema, matairi na magodoro. PSPTB na Wizara kaeni muandike nafasi hizo ni zipi, PPRA wakija kukagua waulize na hilo, aliyesaini mkataba huu yuko wapi leo.

Kama miaka minne mnaona mingi, andikeni mitatu. Kama mitatu nayo ni mingi, basi tuambieni hadharani ni mkataba gani wa maana wa jeshi unaoanza kwa tangazo na kuisha kwa kuchakaa ndani ya muda mfupi kuliko huo.

Wenu mtiifu,
Muuza viatu na sare, Kariakoo, Dar es Salaam